Uzi: Kutoka leseni ya urubani wa burudani hadi leseni kamili ya urubani binafsi, kwa vijana wa Mombasa walioanza kurusha ndege ng'ambo

Rubani wa Nyali

Assalaam aleikum na salamu kwa wanajukwaa wote.

Nimeufungua uzi huu kwa sababu swali moja limekuwa likinifikia mara kwa mara kutoka kwa wazazi na vijana wa hapa Mombasa. Kijana amekwenda kusoma Australia au Marekani, akajiunga na chuo cha urubani siku za mapumziko, akapata leseni ya urubani wa burudani, na sasa anatarajia kurudi nyumbani likizoni, akodi ndege ndogo na kumpeleka mamake Lamu. Kwa leseni hiyo peke yake hawezi, na ningependa kueleza ni kwa nini hawezi na afanye nini ili aweze.

Leseni ya urubani binafsi, ambayo wengi tunaiita PPL, imewekewa viwango vya chini na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago wa 1944. Leseni ya burudani, yaani RPL, haimo katika kiambatisho hicho. Ni leseni ambayo nchi imejitungia yenyewe ili kumpunguzia gharama mtu anayetaka kuruka karibu na kwake, mchana, hali ya hewa ikiwa nzuri. Ibara ya 33 ya mkataba huo inazitaka nchi wanachama zizitambue leseni za wenzao kwa sharti kwamba zimetolewa kwa viwango vinavyolingana na vya mkataba au kuvizidi. RPL haivifikii, kwa hiyo Kenya haina wajibu wa kuitambua. Na ndege iliyosajiliwa hapa, ile yenye alama ya 5Y ubavuni, hurushwa na mtu ambaye leseni yake imetolewa au kukubaliwa na mamlaka yetu ya usafiri wa anga.

Mtu asifikiri kwamba ninaidharau RPL. Aliyeipata nchini Australia amekwisha kuruka saa zisizopungua 25, zikiwemo 5 akiwa peke yake ndani ya ndege, na amefaulu mtihani wa nadharia na mtihani wa kuruka. Anajua kupaa, kutua, na kuishusha ndege injini inapozimika. Asichokuwa nacho ni ruhusa ya kwenda mbali, kwa kuwa kabla ya kuongezewa idhini ya safari hatakiwi kutoka nje ya maili 25 za baharini, yaani kama kilomita 46, kutoka uwanja alikoondokea. Ndege yake nayo ni lazima iwe ya injini moja na uzito wake wa juu kabisa wa kupaa usizidi kilo 1,500. Ndiyo kusema Cessna 172 na hata 182 zimo, lakini Cessna 206, ambayo ni mojawapo ya ndege ndogo zinazotumika sana katika viwanja vya vumbi vya nchi hii, haimo, kwa maana uzito wake unapita kilo 1,600.

Ili mpaka huo ueleweke, hebu tuupime kwa ramani ya Pwani yetu, kana kwamba sheria ya Australia ndiyo inayotumika hapa na rubani ameondoka uwanja wa Moi. Ukunda iko umbali wa takriban maili 16 za baharini, kwa hiyo atafika. Vipingo atafika. Kilifi mjini, maili 28 hivi, hatafika. Nchini Marekani mpaka kwa mwenye leseni ya burudani ni maili 50, na hata huo hautoshi kumfikisha Malindi, ambayo iko kama maili 56 kutoka Moi kwa njia iliyonyooka. Lamu, kwa maili zake 130 na ushei, ni habari nyingine kabisa.

Ushauri wangu ni huu, na nitautetea katika uzi huu wote: yeyote mwenye RPL aikamilishe iwe PPL huko huko alikoianzia, kabla ya kufungasha virago. Saa zote alizoruka zinahesabiwa, mkufunzi wake anaujua udhaifu wake, na mamlaka iliyompa leseni ya kwanza ina kumbukumbu zake zote. Nchini Australia PPL inahitaji angalau saa 40, na kati ya hizo 10 za kuruka peke yake, ambamo 5 ziwe za safari za mbali. Miongoni mwa safari hizo iwemo moja ya maili 150 za baharini au zaidi, yenye kutua na kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti na kile cha kuondokea. Kwa hesabu ya karatasi, aliyekuwa na saa 25 amebakiwa na 15. Ninawasihi vijana wasizichukulie saa hizo kuwa deni la kulipwa haraka haraka, kwa sababu ndizo saa ambazo mtu hujifunza kuamua.

Mwanafunzi wa Perth

Ahsante sana kaka kwa maelezo haya. Mimi ni mzaliwa wa Majengo na nipo Australia kimasomo. Nina RPL na idhini ya redio, ila bado sijapata idhini ya safari. Ninaomba kuuliza mambo mawili. Kwanza, je, nichukue kwanza idhini ya safari kisha PPL, au niende moja kwa moja? Pili, mafunzo haya yaliyobaki yana nini hasa, ikiwa kuirusha ndege yenyewe nimekwisha kujua?

Rubani wa Nyali

Karibu sana, ndugu yangu. Kwa swali la kwanza, inategemea mfuko wako na muda wako. Idhini ya safari inakufungulia mpaka wa maili 25 mapema, kwa hiyo unaweza kuanza kusafiri na abiria huku ukiendelea kujifunza, na safari ulizofanya kwa ajili yake zitahesabiwa kwenye PPL. Hata hivyo ina upimaji wake, na kila upimaji una gharama zake: ndege, mpimaji, na matayarisho. Ikiwa lengo lako ni kuruka nyumbani na wala si kutembea Australia, sioni sababu ya kulipia upimaji mara mbili mahali ambapo mara moja ingetosha. Zungumza na mkufunzi wako kabla ya somo la kwanza la safari, ili apange masomo yakielekea PPL tangu mwanzo.

Swali lako la pili ndilo kubwa. Katika eneo la mazoezi, rubani anaijua kila barabara na kila bwawa, na uwanja wake huwa haupotei machoni kwa muda mrefu. Safari inamwondolea yote hayo. Chukua mfano wa kutoka Moi kwenda Malindi katika ndege inayokwenda noti 100, yaani maili 100 za baharini kwa saa. Pasipo upepo, safari ni ya dakika 34 hivi. Kaskazi ikivuma noti 20 usoni, mwendo wako juu ya ardhi ni noti 80, na safari hiyo hiyo inakuwa ya dakika 42. Dakika 8 hazimtishi mtu. Lakini endelea hadi Lamu kwa upepo huo huo, na safari iliyokuwa ya dakika 80 sasa ni ya dakika 100, na mafuta uliyoyapima kwa saa moja na dakika 20 yameanza kula akiba. Kanuni ya ICAO kwa safari za mchana za kuona kwa macho ni kufika ukiwa bado na mafuta ya dakika 30. Rubani wa PPL hufundishwa kuugundua upungufu huo angali juu ya Watamu, kwa kulinganisha saa aliyoiandika kwenye karatasi yake ya safari na saa aliyopita kweli juu ya alama ya ardhini, na kuuchukulia hatua hapo hapo, badala ya kuugundua juu ya mikoko ya Kipini.

Kisha kuna jambo ambalo wanafunzi wengi huliogopa, nalo ni kubadilisha mwelekeo katikati ya safari. Siku ya mtihani wa PPL mtahini atakuambia, ukiwa umetulia kabisa kwenye njia yako, kwamba uwanja unaokwenda umefungwa na anataka kupelekwa kwingine. Hapo unatakiwa uendelee kuirusha ndege kwa kimo kile kile, huku ramani iko gotini na penseli mkononi, utafute nyuzi za dira, umbali, dakika na mafuta, kisha uijulishe redio. Mtahini haangalii kama umepatia hadi nyuzi ya mwisho. Anaangalia ni kitu gani ulichokishughulikia kwanza. Mwanafunzi anayezama kwenye ramani hadi ndege ikaanza kuteremka bila yeye kujua, huyo hajawa tayari.

Yapo pia mafunzo ya kuruka kwa kutazama vyombo peke yake, saa 2 nchini Australia na 3 nchini Marekani, ukiwa umevaa kofia yenye ukingo mrefu inayokuzuia kuona nje. Hayakupi ruhusa ya kuingia mawinguni. Yanakupa uwezo wa kugeuka nyuma na kutoka salama endapo wingu limekuzingira, na kwa mtu atakayeruka karibu na vilima vya Shimba, ambako wingu la asubuhi hupenda kukaa chini, hilo ni somo la kuokoa maisha.

Mzee wa Changamwe

Wanangu, nimeusoma uzi huu kwa furaha kubwa. Nilifanya kazi ya kuongoza ndege kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, nami ningependa kuongeza neno kuhusu redio, kwa sababu hapo ndipo nilipowaona marubani wa ndege ndogo wakihangaika zaidi.

Uwanja wa Moi una njia ya kurukia yenye urefu wa mita 3,350, na ndege ndogo ya viti vinne inaitumia pamoja na majeti ya abiria. Rubani aliyejifunzia kwenye uwanja usio na mnara wa kuongozea ndege, ambako kila mmoja hutangaza alipo na anachokusudia kufanya, akija kwenye uwanja unaoongozwa hukuta utaratibu tofauti. Hapa hapewi taarifa tu, bali hupewa maagizo, na baadhi ya maagizo ni lazima ayarudie neno kwa neno: ruhusa ya kupaa au kutua, agizo la kusubiri kabla ya njia au kuivuka, namba ya njia inayotumika, kipimo cha mgandamizo wa hewa cha kuwekea altimita (chombo kinachoonyesha kimo), kimo, na nyuzi za dira. Kujibu "roja", yaani nimesikia, peke yake hakutoshi, kwa kuwa mwongozaji hawezi kujua kama ulichosikia ndicho alichosema. Mwongozaji atakuuliza tena, na sauti yako ikisita, atakuweka usubiri hadi ajiridhishe.

Jambo jingine ni msukosuko wa hewa unaoachwa na ndege kubwa. Ndege nyepesi inayotua nyuma ya jeti la uzito wa kati hupewa nafasi ya dakika 3, na inayopaa nyuma yake kutoka mahali pale pale hupewa dakika 2. Vijana huona wanacheleweshwa. Ninawaomba waelewe kwamba hewa ile inayozunguka nyuma ya mabawa ya jeti ina nguvu ya kuipindua ndege yao chali, na haionekani kwa macho.

Kijana wa Perth, Kiingereza chako cha redio nacho kitapimwa. Tangu Machi 2008, ICAO inataka marubani wa safari za kimataifa wafikie angalau daraja la 4 kati ya madaraja 6. Daraja la 4 hupimwa upya baada ya muda, ilhali la 6 halipimwi tena. Wewe unayesoma kwa Kiingereza kila siku, jitahidi upate la 6 mara moja.

Rubani wa Nyali

Shikamoo mzee wangu, na ahsante kwa kutuelimisha. Ningeongeza kwamba katika RPL ya Australia, idhini ya uwanja wenye mnara na idhini ya anga inayoongozwa ni nyongeza ambazo mtu anaweza kukosa kuzichukua kabisa, ilhali mafunzo ya PPL yanazihusisha. Kwa anayekusudia kuruka Mombasa, hayo ndiyo mafunzo ya kwanza atakayoyahitaji, kabla hata gurudumu halijaondoka ardhini.

Mama wa Tudor

Samahanini kwa kuingilia. Mwanangu wa kiume yuko Marekani na anavaa miwani. Leseni yake ya burudani aliipata bila matatizo. Je, kwenye leseni kubwa hawatamkataa kwa ajili ya macho? Na kuna tofauti gani kati ya huko na Australia?

Rubani wa Nyali

Karibu Bi. Mkubwa, wala usiombe samahani. Miwani haimzuii. Kwa PPL, ICAO inataka cheti cha afya cha daraja la pili, na kipimo cha macho ni kuona angalau 6/12 kwa kila jicho na 6/9 kwa macho yote mawili pamoja, kwa miwani au bila miwani. Anayeruka kwa miwani anatakiwa awe na miwani ya akiba karibu naye ndani ya ndege. Kinachohitaji uangalifu zaidi ni uwezo wa kutofautisha rangi, basi apimwe mapema ili ajue mahali anaposimama. Kwa kijana wa chini ya miaka 40, kanuni za ICAO zinaruhusu cheti hicho kidumu hadi miezi 60. Australia na nchi nyingine kadhaa zina njia nyepesi zaidi za afya kwa wanaoruka ndani ya mipaka yao, lakini kwa anayetaka leseni yake itambuliwe nje, ninasisitiza achukue daraja la pili kamili.

Kuhusu Marekani, leseni yao ya burudani ina masharti makali kuliko ya Australia katika baadhi ya mambo. Abiria ni mmoja tu, ndege isizidi viti vinne, injini isizidi nguvu farasi 180, na kuruka usiku akiwa na abiria hakuruhusiwi. Walio nayo ni wachache, kwa sababu wengi huona ni afadhali kuendelea hadi PPL moja kwa moja. PPL ya huko nayo inahitaji saa 40, 20 kati yake pamoja na mkufunzi na 10 peke yake. Kuna jambo moja ambalo mwanao atalipata huko bila kulipia cheti kingine: saa 3 za usiku, zenye kupaa na kutua mara 10 na safari inayozidi maili 100. Nchini Australia, kuruka usiku ni kibali cha pekee kinachokuja baadaye. Kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi mno. Kijana aliyezoea jioni ndefu za nchi za baridi anahitaji kulijua hilo anapopanga saa ya kuondoka Lamu.

Mwanafunzi wa Perth

Kaka, nimeshawishika. Swali la mwisho: rafiki yangu ananiambia niache huku, nije nimalizie kwenye uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kwa kuwa huenda ikawa nafuu. Una maoni gani? Na nikimaliza huku, nifanye nini cha kwanza nikifika Mombasa?

Rubani wa Nyali

Wilson ina vyuo vizuri na wakufunzi wenye uzoefu mkubwa, na aliyeanzia hapo amalizie hapo. Lakini wewe ukihama katikati, chuo kipya kitataka kukupima upya, na sehemu ya saa ulizokusudia kuzilipia itaishia kwenye kuzoea ndege nyingine, anga nyingine na mazingira mengine. Wilson iko futi 5,500 na ushei juu ya usawa wa bahari. Siku yenye joto la nyuzi 25, hewa ya pale ni nyembamba sawa na hewa ya kawaida ya kimo cha futi 8,000, kwa hiyo ndege hutumia njia ndefu zaidi kabla ya kupaa na hupanda polepole. Hilo ni somo ambalo kila rubani wa Kenya lazima alijue. Ila lijifunze ukiwa tayari na PPL mkononi, pamoja na mkufunzi wa hapa, usilichanganye na matayarisho ya mtihani.

Ukifika Mombasa, anza na upepo. Njia kuu ya Moi ni 03/21, imeelekea kaskazini mashariki na kusini magharibi, kwa hiyo kaskazi huja karibu usoni kabisa. Kusi ndiyo yenye shida. Tuseme inavuma noti 20 kutoka nyuzi 150, nawe unatua njia ya 21: pembe kati ya upepo na njia ni nyuzi 60, na upepo wa ubavuni unakuwa noti 17 hivi. Cessna 172 ilithibitishwa na watengenezaji wake kwa noti 15 za ubavuni. Siku hiyo utabaki chini, au utangoja kusi ipungue, na asiwepo abiria wa kukushawishi vinginevyo. Fanya mazoezi ya kutua hapa pamoja na mkufunzi wakati wa kusi hasa, kwa kuwa rubani aliyezoea kaskazi peke yake ameujua uwanja huu nusu.

Kisha panga safari ya pembetatu. Ukitaka kuzifikia maili 150 ulizozifanya kwenye mafunzo, Moi, Malindi, Ukunda na kurudi haitoshi, inaishia kama maili 144. Moi, Malindi, Voi na kurudi ni zaidi ya 220, nayo inakufundisha mengi kwa siku moja. Kutoka Malindi unaiacha bahari nyuma, unaufuata mto Galana kwa macho upande mmoja, na kwa muda mrefu juu ya Tsavo Mashariki hakuna mji wala barabara ya lami ya kukuhakikishia ulipo. Hapo dira na saa yako ndizo unazozitegemea, mpaka vilima vya Sagala vijitokeze na reli ionekane. Nenda na mkufunzi mara ya kwanza.

Kuhusu karatasi: kabla hujaondoka Perth, hakikisha kila ukurasa wa daftari lako la saa umejumlishwa na kutiwa saini ya mkufunzi pale panapohitajika, na jina lako limeandikwa sawasawa na lilivyo kwenye pasipoti. Beba leseni yenyewe, cheti cha afya, cheti cha lugha, na matokeo ya mitihani ya nadharia. Mamlaka ya Kenya itataka kuthibitisha leseni yako na mamlaka ya Australia kabla ya kuikubali, na uthibitisho huo hutoka taasisi kwa taasisi, haupiti mkononi mwako. Kwa hiyo ombi la uthibitisho liwasilishe ungali huko, wiki kadhaa kabla ya safari, na uanze kuzisoma sheria za anga za Kenya wakati unapongoja jibu.